Neno Lililofika Balambala

Mwezi uliopita tulimzika Bwana Mutiso kwao Ukambani, kwenye kilima chenye mawe mengi kuliko udongo, na vijana waliochimba kaburi walinung'unika waziwazi kwamba marehemu aliwasumbua wanafunzi maisha yake yote na sasa amewageukia wao. Tulicheka, maana ilikuwa kweli. Wasifu wake ulisomwa kwa Kiingereza kizito, na sisi walimu wastaafu tuliokaa kwenye viti vya plastiki tulitikisa vichwa kila lilipopita neno kubwa, kwa sababu marehemu alipenda maneno makubwa jinsi watu wengine wanavyopenda nyama. Jirani yangu, aliyefundisha hesabu enzi zile, aliniinamia akaniuliza kama nalikumbuka lile neno la Garissa. Nikamwambia nalikumbuka. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi, nimesahihisha insha ambazo zikirundikwa zitafika darini, na katika lugha hiyo nzima ni neno moja tu lililowahi kunifanya nikae kitako nikastaajabu. Ni kivumishi, tena cha kiofisi, ambacho Mwingereza mwenyewe hakitumii mara nyingi: incorrigible. Kabla ya mwaka ule nilikijua kama unavyomjua mtu kwa picha. Garissa ndiko nilikokutana nacho uso kwa uso.

Nilifika huko mwanzoni mwa 1996, cheti changu cha ualimu bado kinanukia wino, kwa basi lililosubiri askari wa kulisindikiza kabla halijathubutu kuendelea na safari. Nilitoka Taita, kwenye ukungu na baridi ya asubuhi, na tulipovuka daraja la Tana nilidhani mtu amefungua mlango wa tanuri. Shule ilikuwa ya bweni, ya wavulana, nje kidogo ya mji. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nikapangiwa chumba kwa Mama Halima, mpishi mkuu wa shule, mjane mwenye sauti ya kuamrisha na mikono yenye hina. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo lenye wavu, na sakafu ya saruji ambayo alasiri aliimwagia maji ili mtu aweze kuikanyaga. Asubuhi alinipa anjera, chapati zao laini, na chai ya maziwa ya ngamia iliyokolea tangawizi. Siku ya kwanza mchana aliniwekea wali na nyama ya mbuzi, na juu ya wali ndizi mbivu nzima. Nikaisogeza ndizi ile pembeni ya sahani nikidhani imepotea njia. Mama Halima akaitazama, akanitazama, akaimenya, akaikatia ndani ya wali wangu kwa vidole vyake mwenyewe, na tangu siku hiyo sijaweza kula wali bila kuitafuta ndizi kwa macho.

Jioni wanawake wa mtaa walikuja na chupa zao za chai, wakatandika mikeka uani, wakazungumza. Sikuwa na Kisomali hata cha kuombea maji, lakini masikio hayana pazia, na neno la kwanza nililolinasa bila kufundishwa na mtu lilikuwa wuxuu yiri. Lilirudi kila baada ya sentensi mbili tatu. Nilipomuuliza Mama Halima, akasema maana yake ni "amesema". Basi nikaanza kuelewa mazungumzo yale yalihusu nini. Hawakusengenya watu walivaa nini au walikula nini, kama tulivyosengenya sisi kwetu. Walikuwa wakirudia nani alisema nini, kwa maneno gani hasa, mbele ya nani, na aliyeambiwa alijibu vipi. Mama Halima aliweza kukusimulia ugomvi wa kisimani uliotokea kabla hajazaliwa, maneno kwa maneno, na wenzake wakamsahihisha palipohitaji. Sisi huku tunasema maneno makali hayavunji mfupa. Nililisema hilo jioni moja kwa mbwembwe za ugeni, nikatafsiriwa, na wanawake wale wakanitazama kwa huruma, kama wamesikia kwamba kwetu hakuna chumvi.

Bwana Mutiso alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na kwa kuwa mkuu alikuwa mgonjwa muhula ule wote, shule ilikuwa mikononi mwake. Alikuwa mwembamba, shati jeupe daima, kalamu mbili mfukoni. Alisomeshwa na mapadre waliompa Kilatini kidogo, na Kilatini hicho kidogo kilimpa raha kubwa kuliko mshahara. Neno jipya halikupita mbele yake bila kulifungua tumbo aone limetokana na nini. Alikuwa mkali, lakini sitaki mtu adhani alikuwa mbaya. Wakati mwingine alikaa na wavulana wa kidato cha nne hadi jua linazama akiwaeleza mofimu, mate yakimkauka, wala hakuna aliyemwomba. Nilimwogopa na nikampenda pamoja. Yeye ndiye angeandika ripoti ya mwaka wangu wa kwanza, ile ambayo ingeamua kama nitathibitishwa kazini au la.

Sasa nifike kwa Dahir. Alikuwa kidato cha nne, mrefu kama mlingoti, mwana wa wafugaji wa Balambala, na akili yake ilikuwa ya kuwasha taa. Tatizo lake ni kwamba kengele ya shule hakuisikia kama walivyoisikia wengine. Alirudi likizoni amechelewa kwa sababu mifugo ilikuwa imehama. Alitoka darasani katikati ya somo kwa sababu aliona wingu upande wa kwao. Ukimwadhibu, aliipokea adhabu kwa adabu zote, na juma lililofuata alifanya jambo jingine. Kisha ikaja Alhamisi ya mbuzi. Kila Alhamisi mfanyabiashara wa mjini alituletea mbuzi watano wa kuchinjwa Ijumaa, wakafungwa nyuma ya jiko bila majani wala maji. Alhamisi ile ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio wa Kiingereza, mtihani wangu mimi. Dahir alipita nyuma ya jiko asubuhi, akawaona wale mbuzi, akawafungua, akawapeleka mtoni kulisha. Nilisahihisha mtihani ule bila karatasi yake. Alasiri alirudi na mbuzi wanne walioshiba, akaenda mwenyewe moja kwa moja ofisini kwa Bwana Mutiso, akamwambia wa tano amechukuliwa na mamba. Alipoulizwa aliwafungua kwa ruhusa ya nani, akajibu kwamba mnyama hachinjwi akiwa na njaa, ni dhambi, na kwamba alidhani kila mtu anajua hivyo.

Kesho yake paredi, mbele ya shule nzima, Bwana Mutiso alimwita mbele. Sisi walimu tulikuwa tumesimama mstari mmoja nyuma yake, jua tayari linachoma visogo. Alianza kwa kuorodhesha makosa yote tangu kidato cha kwanza, sauti ikipanda, na alipofika kwa mbuzi na mtihani akawa ameishiwa na maneno ya kawaida. Akasema kwa Kiingereza kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, lakini huyu ameshakauka. Kwamba katika kazi yake yote hajapata kuona mfano wake. Kwamba Dahir ni incorrigible. Alilitamka polepole, kama anayebandika stempu. Akamwambia akalete mzazi. Wavulana hawakulijua neno lile, lakini walijua wamesikia kitu. Chakula cha mchana kilipokuja walikuwa wamepanga foleni kwenye meza yangu maktabani kungojea kamusi, ile kubwa isiyo na jalada, na kila mmoja alisoma kwa kidole, akampisha mwenziwe. Nilitarajia kucheka na utani, maana wavulana ni wavulana. Sikusikia kicheko hata kimoja. Jioni Dahir hakula, na aliyeketi naye mezani hakula pia.

Nilipofika nyumbani Mama Halima alikuwa ameshapata habari yote, na maana ya neno alikuwa nayo kwa Kisomali. Alinimiminia chai lakini yeye hakunywa. Akaniuliza kama ni kweli Mwalimu Mutiso alilisema mbele ya watu. Nikasema ni kweli, nikaongeza kwamba angalau hakumchapa. Hapo akaweka birika chini.

"Kubigwa inaisha, abaayo," akasema. Abaayo ni dada, na aliniita hivyo alipotaka nisikilize. "Fimbo inauma leo, kesho hakuna. Hii maneno nani ataosha? Akienda kuoa, watu watasema, si ni yule? Akisema ushahidi, watasema, si ni yule?"

Kisha akanieleza, huku akichambua mchele, jambo ambalo chuoni hakuna aliyetufundisha. Kwao heshima ya mtu ina fidia kama ilivyo kwa mguu au jicho lake. Anayeivunja, kwa tendo au kwa ulimi, hudaiwa kitu kinachoitwa xaal, ambacho x yake ni h inayotokea kooni, na anayedai si yule mtu peke yake bali ni watu wake wote. Tena neno hili lilikuwa na uzito wake wa pekee. Kusema mtoto hawezi kurekebishwa ni kusema pia kwamba baba zake na ami zake wameshindwa, na kwamba kila mkono uliomgusa haukuwa na baraka. Nilikuwa nimejifunza neno lile usiku wa kuamkia mtihani wa chuo, pamoja na mengine ya herufi I, nikalipatia, nikalisahau. Hapa kulikuwa na watu waliolipokea kama linavyopokewa jiwe lililorushwa, wakitaka kujua limempiga nani na wapi.

Habari ilikwenda Balambala kwa lori la mbao, na siku chache baadaye tukaambiwa wazee wanakuja. Bwana Mutiso alifurahi. Aliniita ofisini akanieleza kwamba kwa desturi wazazi huja kuomba msamaha, kwamba atawaacha waombe kwanza, na kwamba mwishoni atalegeza kamba kidogo, labda mvulana afanye mtihani wa kitaifa akitokea nyumbani. Alikuwa ameandaa hotuba ya kusamehe. Halafu akashusha sauti. Alisikia kwamba wazee watauliza juu ya lile neno, na mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. "Waambie tu ni mkaidi," akasema, akigeuzageuza kalamu. "Mkaidi inatosha, Mwalimu Wakesho. Usiwachoshe na mizizi." Nilitoka ofisini nikilipima lile neno. Mkaidi ni neno ambalo mama humwambia mtoto mara tatu kwa siku huku anampakulia chakula. Nilijua kama nitasema hivyo wazee watakunywa chai na kuondoka, na Bwana Mutiso ataniandikia ripoti nzuri, na Dahir ataondoka na lile neno mgongoni, kwa kuwa wavulana wote walikwisha soma kamusi.

Walikuja Jumamosi, watu wanne, na msemaji wao alikuwa Mzee Gedi, ami yake Dahir, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizotiwa hina na bakora ambayo hakuiegemea hata mara moja. Tuliwakaribisha bwaloni. Benchi zilikuwa zimesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, Bwana Mutiso na mimi tumepewa viti, jambo lililotufanya tuonekane kama watu waliopanda juu ya kitu. Dahir alikaa mwisho kabisa karibu na mlango, magoti kifuani. Kutoka dirisha la jiko nilisikia sufuria zimenyamaza, kwa hiyo nikajua Mama Halima na wenzake wako hapohapo nyuma ya ukuta, na hakuna neno litakalopotea. Dua ikasomwa, chai ikanywewa, hali ya mvua ikaulizwa. Bwana Mutiso akakaa sawa angoje kuombwa msamaha.

Mzee Gedi alianza na mbuzi. Alisema wamekuja na wawili, wamefungwa nje. Mmoja ni badala ya yule wa mamba. Mwingine ni wa wanafunzi ambao Ijumaa yao ilipungua nyama kwa sababu ya mtoto wao. Pia mtoto hakufanya mtihani wa mwalimu huyu, akanielekeza mkono, na kwa hilo aadhibiwe, na wao hawatauliza ni adhabu gani. Bwana Mutiso akashukuru, akafungua mdomo aanze hotuba yake. Mzee akamwinulia kiganja taratibu.

"Ya mbuzi imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha," akasema Bwana Mutiso.

"Haya. Sasa iko ya maneno." Akalitamka lile neno lote, silabi kwa silabi, bila kukosea, lazima walilifanyia mazoezi njia nzima juu ya lori. "Sisi hatujui hiyo lugha. Watoto walituambia maana, lakini mtoto ni mtoto. Tunataka mwalimu ya lugha aseme. Hii neno ni nini, na ni mtu gani anabewa?"

Wote wakanigeukia. Sikumtazama Bwana Mutiso, maana ningemtazama ningeogopa. Nilisema kwamba ndani ya neno lile kuna kunyoosha, kama unavyonyoosha kitu kilichopinda, na mbele yake kuna kukataa. Nikasema hupewa mtu ambaye kuonywa hakumwingii na adhabu haimbadilishi, na kwamba anayelisema huwa anatangaza kwamba yeye mwenyewe ameacha kutarajia. Zamani mahakimu walilitumia kwa wezi sugu kabla ya kuwafungia mbali. Nikaongeza, kwa sababu ni kweli na mwalimu lazima aseme ukweli wote, kwamba Waingereza hulisema pia mezani, kwa tabasamu, juu ya mjomba mcheshi asiyeacha porojo zake, na hapo halimuumizi mtu. Bwana Mutiso alilidaka hilo haraka. Akasema ndivyo, haswa, yeye alikuwa anatania. Mzee Gedi aliendelea kunitazama mimi.

"Wakati anasema," akauliza, "alicheka?"

Nasikia mpaka leo nzi mmoja kwenye sinia la sukari. Nilifikiria ripoti yangu. Nilifikiria basi la kurudi Taita na mama yangu akiniuliza imekuwaje. "Hapana," nikasema. "Hakucheka. Hakuna aliyecheka."

Mzee akashusha pumzi, akasema kitu kwa Kisomali kwa wenzake, wakaitikia. Kisha akamgeukia Bwana Mutiso, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko mwanzo. Alisema wao hawakuja kupigana. Mwalimu amekaa na huyu mtoto miaka minne, huenda ameona kitu ambacho wao hawakukiona. Kama neno ni kweli, basi sanduku la mtoto liko tayari, wanaondoka naye leo, na hawatampeleka shule nyingine yoyote, kwa sababu hakuna anayepanda mbegu juu ya jiwe. Kama si kweli, basi aliyelisema ana deni. "Wewe ndiye unajua," akasema. "Mwalimu, ni kweli ama si kweli?"

Nilimwona Dahir akiinua kichwa. Sijawahi kuona mtu akingoja jibu namna ile. Bwana Mutiso alisema alikuwa na hasira siku ile. Mzee akamwambia hasira hakuiuliza. Bwana Mutiso akatoa kalamu mfukoni, akairudisha. Alikuwa mtu ambaye angeweza kusema ni kweli na mambo yakaisha, na shule ingebaki na utulivu wake, wala hakuna ofisi ambayo ingemuuliza. Alimtazama yule mvulana mlangoni, kwa macho ya mtu anayesahihisha hesabu aliyoifanya mwenyewe.

"Si kweli," akasema mwishowe. "Kama ingekuwa kweli, asingerudi na wale wanne. Asingekuja kuniambia."

Mzee Gedi akafumba macho kidogo, akayafumbua, akatangaza kwamba xaal ya neno lile ni ngamia jike. Bwana Mutiso akaruka kitini. Ngamia mzima, kwa neno moja? Hata mimi nilishtuka, maana kwa mshahara wetu ngamia alikuwa kitu cha kuota. Lakini Mama Halima alikuwa amenidokeza kwamba hapo ndipo nisubiri, kwa hiyo nikasubiri, na kilichofuata ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyowahi kuviona vikifanywa kwa maneno matupu. Mzee wa pili aliinuka, akasema sehemu moja ya ngamia yule anaisamehe kwa ajili ya Mungu. Mzee wa tatu akainuka, akasema sehemu nyingine inasamehewa kwa ajili ya chai waliyokunywa katika nyumba hii. Wa nne akasamehe sehemu kwa ajili ya kila mtoto wa Balambala aliyefundishwa kusoma hapa. Mzee Gedi akasamehe nyingine kwa ajili ya mwalimu mgeni aliyeulizwa jambo gumu akasema lilivyo, na hapo nilitazama chini kwa sababu machozi yalinijia bila hodi. Kila mmoja alisimama, akasema lake, akaketi, na Bwana Mutiso alikuwa anawafuata kwa macho mmoja baada ya mwingine, kinywa wazi, mtu aliyependa maneno maisha yake yote na hakujua kwamba yanaweza kufanya kazi hii. Hatimaye ngamia akaisha.

"Sasa imebaki kitu moja," akasema Mzee Gedi. "Neno irudi mahali ilitoka. Mbele ya masikio ile ile. Hiyo hatuwezi kusamehe, kwa sababu si yetu, ni ya mtoto."

Chakula kikaja, wali na nyama, tukala sinia moja, Bwana Mutiso ubavuni mwa Mzee Gedi, na waliongea juu ya mvua na bei ya ng'ombe kama watu ambao hawajawahi kukosana. Lakini tulipokuwa tukirudi ofisini aliniambia afadhali wangemdai tu ngamia wao, yeye angelipa kidogo kidogo hadi anastaafu. Alikuwa hajawahi kurudisha neno mbele ya wanafunzi. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mwalimu akianza kuyazoa, kesho darasa zima litamletea ndoo. Kuhusu nilivyosema bwaloni hakunigusia hata kidogo, wala siku ile wala baadaye. Jumapili yote sikumwona. Mama Halima alinipakulia chakula, akaniona sili, akaniambia nile, kwa sababu tumbo tupu halimsaidii mtu kusimama.

Jumatatu paredi bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, na wavulana wakabaki wima bila kuambiwa. Mzee Gedi alikuwa amebaki mjini. Alisimama mbali langoni, peke yake. Bwana Mutiso alimwita Dahir mbele, akasimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile. Alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wapishi nao wasikie, kwamba Ijumaa ile alimpa mwanafunzi huyu neno ambalo halikuwa lake. Alisema ni neno ambalo mwanadamu hana haki ya kumpa mwanadamu ambaye bado anapumua, na hasa mwalimu hana haki, kwa sababu mwalimu akiliamini hana kazi tena ya kufanya duniani. Alisema analichukua. Alilisema hilo mara mbili, "nalichukua", na mara ya pili sauti ilimkatika. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Nilistaajabu nikajiambia kwamba nimesomea lugha, nimepewa cheti cha lugha, na ndiyo kwanza leo naona inavyofanya kazi.

Bwana Mutiso akapenga kamasi, akairudia sauti yake ya naibu. Akasema sasa kuna suala la mbuzi mmoja na mtihani mmoja wa Kiingereza. Mtihani utafanywa leo alasiri, mbele ya Mwalimu Wakesho, bila dakika ya nyongeza. Na kwa mbuzi, kuanzia jioni hii hadi juma liishe, Dahir atachimba shimo jipya la taka nyuma ya jiko, lenye kina cha kumzidi yeye mwenyewe, na urefu wake tunaujua sote. Mvulana mmoja akacheka, wengine wakafuata. Nilimtazama Dahir. Siku ya neno lile alikuwa amesimama wima, uso mkavu, hajatikisa hata kope. Sasa, alipoambiwa ataadhibiwa, mabega yalimlegea, uso ukamkunjamana kama wa mtoto mdogo, akalia mbele ya shule nzima bila kujificha, na bado anatabasamu. "Asante, mwalimu," akasema. "Asante sana." Hakungoja jioni. Paredi ilipovunjwa tu alikwenda mbio stoo, akatoka na jembe begani, akaelekea nyuma ya jiko, na Bwana Mutiso akamfuata kwa hatua ndefu, shati jeupe likipepea, akimpigia kelele apunguze mwendo asije akajikata.